Si jasho yake: vile tulirudishiwa pesa ya seti ya "silva" yenye haikuwa silva

Tangu niweke hii maneno kwa status watu wamekuwa wakiniuliza swali moja, ati ulifanyaje mpaka duka la mtandaoni likarudisha pesa, kwa sababu hapa kwetu kila mtu amezoea ile ya mali ikishauzwa hairudishwi na ukishaambiwa hivyo unanyamaza unaenda zako. Sasa naandika yote hapa mara moja. Itakuwa ndefu, nivumilie tu, kuna mahali kadhaa katikati ambapo mtu hukata tamaa na kuacha pesa yake iende hivi hivi, na hizo ndizo nataka tuzipitie polepole.

Dada yangu mdogo alikuwa anahitimu Egerton pale Njoro. Mimi na kaka yetu tukachanga, tukamtafutia seti ya cheni, herini na pete. Duka liko Nairobi, linauza kwa Instagram na oda wanachukulia WhatsApp, jina sitalitaja kwa sababu haja yangu si kuaibisha mtu, haja yangu ni wewe ujue njia. Posti yao ilisema silva halisi ya 925, haichujuki, haishiki kutu, unaoga nayo na unalala nayo. Nikauliza kwa inbox kama kweli ni 925 maana bei ilikuwa 4,500 na si pesa ya kuchezea, nikajibiwa "ndio mpenzi, 925 original kabisa". Nikalipa kwa till, ile namba ya M-Pesa ya biashara, 4,500 na 300 ya kutuma, na parseli ikakuja na matatu mpaka Nakuru nikaichukua ofisi yao ya steji. Kaboksi keusi kazuri, kitambaa cha kung'arishia ndani, na kwa kifungo cha cheni pale nyuma ya shingo kulikuwa kumepigwa hesabu ndogo, 925.

Hiyo meseji nilimuuliza na akajibu, iweke akilini, itarudi.

Alivaa siku ya sherehe akapendeza sana, picha ziko. Halafu akaendelea kuvaa kwa sababu aliambiwa ni ya kuvaa kila siku. Haikuisha hata wiki mbili akanitumia picha ya shingo. Kulikuwa na mstari wa kijani umezunguka kufuata cheni kabisa, hata pale kwenye mfupa wa bega cheni ilikuwa inalala upande unaona kijani imepinda hivyo hivyo. Kidole nacho duara la kijani. Lakini yenye iliniuma ni masikio. Ndewe zilikuwa zimefura, zinawasha usiku hawezi kulala, zinatoa maji yanakauka yanakuwa gamba, akitoa herini gamba linatoka nayo. Ukiangalia ile sindano ya herini, ile rangi nyeupe ilikuwa imebanduka na chini yake kuna kitu cha njano inaelekea wekundu.

Nikaandikia duka nikatuma picha. Jibu ndilo hili, nimelinakili vile lilikuja: "Pole sana mpenzi, hiyo inategemea mwili wa mtu, kuna watu jasho yao iko na asidi nyingi. Mwambie apake Cutex ile haina rangi kwa herini na pete haitamsumbua tena."

Sasa hapa ndipo nilikasirika, na bado nina hasira nikiandika. Kwa sababu mtoto wa watu alisoma hiyo meseji akaiamini. Akaanza kuniuliza kama ana shida ya damu, akaanza kusuka nywele za kufunika masikio, akaniambia achana nao sista ni mimi niko na mwili mbaya. Wauzaji wengi wana hii jibu tayari, sijui nani aliwafundisha, na inafanya kazi vizuri kwao maana mtu akiambiwa tatizo ni mwili wake anaona haya kuendelea kudai. Ukiambiwa hivyo usikubali mpaka ujue kitu imetengenezwa na nini.

Silva inayoitwa 925 ni silva sehemu 92.5 kwa mia, na ile 7.5 iliyobaki huwa ni madini mengine, mara nyingi shaba, inawekwa kwa sababu silva tupu ni laini inapinda haraka. Silva halisi inabadilika rangi, hiyo ni kweli, lakini inabadilika kuwa nyeusi nyeusi, ni salfa ya hewani inafanya hivyo, na ukisugua na kitambaa inarudi kung'aa. Kwa hivyo kama yako imekuwa nyeusi usikimbie kumwita mtu mwizi, pengine uko na silva nzuri tu. Kijani ni hadithi nyingine, kijani inatoka kwa shaba ikikutana na chumvi na unyevu wa jasho. Jasho ya kila mtu ina chumvi na ina asidi kidogo, yako, yangu, ya huyo muuzaji pia. Wengine wanatoka jasho zaidi ya wengine, sawa, na hata pete ya 925 yenyewe inaweza kuacha alama kidogo kwa mtu fulani kwa sababu ya ile shaba kidogo iliyo ndani. Lakini shingo kugeuka kijani mzunguko mzima na rangi kubanduka ndani ya siku chache, hiyo si jasho, hiyo ni shaba iliyopakwa juu.

Na masikio kufura, hiyo daktari wa kliniki alituambia inaonekana ni aleji ya nikeli. Nikeli hutumika sana kwa vito vya bei ya chini, inawekwa chini ya rangi ya juu ili ing'ae. Ni moja ya aleji za kugusa zinazopatikana zaidi duniani, na ubaya wake ni kwamba mwili ukishaijua nikeli hausahau, itabaki naye maisha yote, hata kifungo cha suruali kinaweza kumwasha. Umoja wa Ulaya uliweka sheria ya kupunguza nikeli kwa herini na vito tangu 1994. Mtu akikuuzia nikeli akikuambia ni silva, hajachukua pesa yako tu.

Sasa kudai. Kitu ya kwanza niliyofanya ni kumwambia dada atoe zote asivae tena, na niliwaandikia duka siku hiyo hiyo kwamba tumeacha kuzitumia. Hii ni muhimu kuliko vile inaonekana, kwa sababu sheria ya uuzaji inasema ukikaa na bidhaa muda mrefu bila kusema kitu, inachukuliwa umeikubali. Halafu nikapiga skrinshoti ya kila kitu, posti yenyewe na tarehe, ile meseji ya "925 original kabisa", meseji ya M-Pesa yenye jina la biashara na namba ya muamala, risiti ya parseli, picha za shingo na masikio. Fanya haraka kabla hujaanza kugombana, maana posti inafutwa kwa sekunde moja.

Halafu nikatafuta sonara. Watu wengine waliniambia nipime na sumaku ya spika, ikishika ni feki. Ikishika ndiyo, hiyo si silva. Lakini isiposhika haujajua chochote, kwa sababu shaba pia haishikwi na sumaku. Yetu haikushika, na kama ningeishia hapo ningeamini wao.

Kuna mzee mmoja ana kaduka kadogo karibu na Kenyatta Avenue, anatengeneza pete na kuunganisha cheni zilizokatika. Nilimweleza shida. Akashika cheni, akaigeuza kwa kiganja, akauliza, "Walikuambia ni nini?" Nikamwambia silva ya 925. Hakusema kitu. Akaniuliza kama ataruhusiwa kukwaruza kidogo mahali hapaonekani, nikamwambia ngoja kwanza nipige picha ikiwa nzima, halafu nikawasha video ya simu akiendelea. Akachukua tupa ndogo akapitisha mara mbili tatu kwa ile pete ya kufungia, rangi ya juu ikatoka, na pale chini palikuwa njano. Akasugua hapo kwa jiwe jeusi ikaacha mstari. Kando yake akasugua kipande cha silva yake mwenyewe, mstari mwingine. Akatoa kachupa, akadondosha tone la asidi juu ya kila mstari kwa kijiti cha glasi.

"Mama, kuja uone."

Mstari wake ukageuka mwekundu mzito. Wetu haukuwa mwekundu hata kidogo, ulikuwa rangi ya matope.

Nilidhani amemaliza lakini akasema hiyo asidi mtu anaweza kubishana nayo, uzito hakuna wa kubishana nao. Hii sehemu nataka uielewe kwa sababu unaweza kuifanya hata nyumbani ukiwa na mizani ndogo ya dijitali inayosoma mpaka gramu 0.01. Aliweka cheni juu ya mizani, ikasoma 12.60. Akaitoa. Akaweka kikombe cha maji juu ya mizani akabonyeza irudi sufuri. Halafu akafunga cheni na uzi, akaishusha ndani ya maji ikiwa inaning'inia, isiguse chini wala kando, akaitingisha kidogo ili mapovu yatoke. Mizani ikasoma 1.49. Akachukua kalkuleta, 12.60 gawanya kwa 1.49, ikaja 8.46, yaani cheni ni nzito mara 8.46 kuliko maji ya ukubwa huo huo. Silva ya 925 inafaa kuja kama 10.3 au 10.4. Shaba iliyochanganywa na zinki, ile ya njano, iko hapo kwa nane na nusu. Kama ingekuwa silva ya uzito huo, ile hesabu ya majini ingesoma 1.21 hivi. Ina mipaka yake, kwa herini zenye mawe au bangili yenye uwazi ndani haitakupa jibu la haki, lakini cheni tupu haiwezi kudanganya.

Nikamuuliza basi hii 925 imepigwa hapa ni ya nini. Akasema nyundo na kachuma kenye namba ndivyo vinahitajika tu.

Nikamwomba aniandikie. Akaandika kwa risiti yake: cheni imepimwa kwa asidi na kwa maji, si silva, ni shaba iliyopakwa rangi. Akaweka tarehe, sahihi na mhuri wa duka. Nikamlipa 300. Hiyo si karatasi ya maabara na sikumdanganya mtu kwamba ni ya maabara, lakini ni neno la fundi anayefanya hiyo kazi kila siku, na upande ule mwingine walikuwa na jasho peke yake.

Sasa ile ya "mali ikiuzwa hairudishwi". Walinitumia hiyo pia, iko kwa bio yao na kwa risiti. Nilienda nikasoma, nikauliza jamaa mmoja mwenye amesomea sheria, na naweza kukuambia bila wasiwasi: hiyo maneno ina nguvu kama umebadilisha nia tu. Umenunua pete ukakuta hupendi vile inakaa kwa kidole, muuzaji akikataa kurudisha si rahisi kumlazimisha. Lakini kama kitu sicho kile alichosema anauza, hapo hajakuuzia ulichonunua. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 15 inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo lazima ilingane na hayo maelezo, na kununua mtandaoni ni kununua kwa maelezo kabisa, kwani wewe umeona nini zaidi ya picha na maandishi. Halafu Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema maneno yoyote kwa mkataba ya kujaribu kufuta hizo haki ni batili. Batili, yaani hata kama umeyasoma, hata kama umebonyeza nimekubali. Hiyo sheria pia inataja wazi kwamba kusema bidhaa ni ya kiwango fulani wakati si ya kiwango hicho ni udanganyifu. Na juu ya zote kuna Katiba ya 2010, kifungu cha 46, mtumiaji ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia kama kasoro ya bidhaa imemletea hasara au madhara. Madhara ni pamoja na masikio.

Nikaandika barua, nikaituma kwa WhatsApp na kwa imeili yao. Wengi wamenisihi niiweke, hii hapa, badilisha tu ya kwako:

"Tarehe fulani nilinunua kwenu seti ya vito iliyotangazwa na kuthibitishwa kwa meseji kuwa silva ya 925, kwa shilingi 4,500 na 300 ya usafirishaji, muamala namba hii. Bidhaa imepimwa na sonara na si silva. Imemletea mvaaji madhara ya ngozi. Kwa kuwa bidhaa hailingani na maelezo mliyoiuza nayo, naikataa, na nadai nirudishiwe shilingi 4,800 pamoja na gharama ya kupima 300 na dawa 650, ndani ya siku saba. Bidhaa iko tayari kurudishwa kwenu kwa gharama yenu. Msipojibu nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani na dai kwa Mahakama ya Madai Madogo. Nimeambatisha ushahidi."

Angalia haina tusi hata moja na haina neno mwizi. Kaka yangu alitaka tuwamwagie komenti kwa page mpaka watu wakimbie, nikamwambia tulia, ukianza na matusi wanakublock, wanafuta, halafu wewe ndiye unaonekana mbaya mbele ya mwenye ataamua.

Hizo ofisi mbili nilizitaja kwa sababu ziko kweli. Mamlaka ya Ushindani, ile watu wanaiita CAK, inapokea malalamiko ya watumiaji kuhusu matangazo ya uongo chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010. Mahakama ya Madai Madogo ilianzishwa na sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, na hauhitaji wakili, unasimama mwenyewe na skrinshoti zako. Mtu akisikia mahakama anafikiria miaka kumi na kuuza shamba, na wauzaji wanajua unafikiria hivyo.

Kuhusu polisi. Kupata pesa kwa udanganyifu ni kosa la jinai, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 313, mpaka miaka mitatu jela. Kama page imetoweka na namba imezimwa, nenda kituo chochote uandikishe upate namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, usingoje. Lakini kama muuzaji yuko na anajibu, usitumie polisi kama fimbo ya kumtisha alipe, mambo yanaharibika.

Na reversal, maana kila mtu ananiuliza hiyo. Ukituma meseji ya muamala kwa 456 unaomba pesa irudi, ndiyo, lakini hiyo imewekwa kwa mtu aliyekosea namba. Wewe hukukosea, ulilipa duka ulilotaka kulipa. Ukidai ulikosea umesema uongo kwa maandishi, na huo uongo utatolewa siku ukisimama mbele ya hakimu. Wenye wananunua nje ya nchi na kadi wana njia nzuri zaidi. Kadi za Visa na Mastercard zina utaratibu wa kupinga malipo kupitia benki yako kama bidhaa hailingani na maelezo, kwa kawaida una siku 120, na PayPal inakupa siku 180 tangu ulipe. Sisi wa M-Pesa kwa till tunabaki na ushahidi na mdomo.

Turudi kwa duka. Walisoma wakanyamaza, ticki mbili za buluu na kimya. Halafu wakaja na "tukupatie kitu ingine ya bei hiyo hiyo uchague mpenzi". Nikajibu hapana, siwezi kuchukua silva nyingine kwa mtu mwenye silva yake si silva, nataka pesa. Wakapanda, nusu. Nikakataa. Wakanipigia simu, mwanamke mpole sana kwa sauti, akanieleza vile biashara ni ngumu na yeye pia ameuziwa na mtu wa jumla akiambiwa ni 925. Nilimwamini, kusema kweli, inawezekana kabisa, na nikamwambia basi dada wewe nawe mdai huyo wa jumla vile mimi nakudai wewe, barua utumie hii yangu. Nilipokata simu nikamwandikia hapo hapo: "kama tulivyoongea kwa simu sasa hivi, mmetoa nusu na mimi nimekataa." Kila ukipigiwa fanya hivyo, simu haina skrinshoti.

Mahali tulikwama kabisa ni nani aanze. Wao, tuma kwanza tukague ndio turudishe. Mimi, nikishatuma nimebaki na nini mkononi? Hapa ndipo wengi wamepoteza, wanatuma seti Nairobi halafu wanaambiwa imefika ikiwa imekwaruzwa, ama haikufika. Sikutaka pia wao wapoteze, ni haki yao kupata vitu vyao. Nikawauliza kama wana mtu yeyote Nakuru. Kumbe kuna msichana huku anawasaidia kupeleka oda. Tukapatana tukutane kwa kaunta ya parseli, mchana, watu wapo.

Alikuja, binti mwenye heshima tu, kosa si lake. Akafungua boksi kwa kaunta, akahesabu cheni, herini mbili, pete, akapiga picha pale sonara alipita na tupa, akapiga simu Nairobi. Tulisimama hapo kama tunangoja gari. Simu yangu ikalia, 4,800. Nikafungua nikasoma salio kwanza, kwa sababu meseji za uongo za M-Pesa ni nyingi siku hizi na zinafanana kabisa. Iko. Nikasukuma boksi upande wake.

Halafu akaniambia, "Madam wameniambia uwaandikie meseji kwamba umeridhika na huwadai kitu tena." Tayari walikuwa wameiandika, nilitakiwa kukopi na kutuma tu. Usifanye hivyo kama bado kuna kitu kimebaki, hiyo meseji ndiyo kufuli ya kesi yako. Niliandika yangu: "Nimepokea 4,800 ya bidhaa na usafirishaji, nimerudisha seti nzima kwa mtu wenu. Gharama ya kupima na dawa, 950, bado haijalipwa." Yule binti akaisoma, akasema sawa, akaenda na boksi yake.

Hiyo 950 wamesema hawalipi, ati dawa ni mambo yangu. Bado naidai, na malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani nimeyapeleka na risiti ya kliniki juu yake. Si kwa ajili ya 950. Ni kwa sababu dada yangu atakuwa akiuliza kila herini kama ina nikeli mpaka azeeke na mtu fulani anafaa aandike mahali kwamba aliyesababisha hiyo si jasho yake.

Ile posti wameibadilisha. Picha ni ile ile, bei ni ile ile, ila sasa imeandikwa "rangi ya silva" na maneno ya kuoga nayo yametolewa. Komenti za zamani zimefutwa, na hapo ndani kulikuwa na watu wengi wakisema nimelipa nangoja, wengine wa huku kwetu, mmoja alikuwa Kisumu. Kama ulinunua cheni ya silva kwa duka la Instagram la Nairobi, ile inakuja na boksi nyeusi na kitambaa, na shingo yako imekuwa kijani, niandikie unitumie picha ya risiti. Nikiona ni wao nitakupatia skrinshoti ya posti ya kwanza, ile ya kabla ya kubadilishwa, ina tarehe na imesema 925 waziwazi, utahitaji hiyo.